Diski ya mtumba ndani ya kompyuta ya nyumbani



Katika majuma machache yaliyopita, barua nyingi zilizoifikia safu hii zimehusu jambo moja, nalo ni diski za mtumba. Sababu haifichiki. Kompyuta ya nyumbani imejaa: picha za arusi, kazi za shule za watoto, mawaidha yaliyotolewa kwenye kaseti yakawekwa ndani ya mafaili, vyote vinagombania nafasi. Madukani nako kuna diski zilizotolewa katika kompyuta za maofisi ya ng'ambo, kwa bei iliyo chini sana ya mpya. Baba wa nyumba ananunua moja, kijana anafungua kompyuta kwa bisibisi, anaipachika, anawasha, na diski haionekani. Au inaonekana leo na kesho imetoweka. Au kompyuta yenyewe, iliyokuwa ikiwaka vyema jana, sasa inakataa.

Hatuna neno na mtumba. Watu wa pwani tumevaa, tumeendesha na tumelalia vya mtumba, na vingi vimetufaa. Lakini shati likianza kuchanika huonekana, ilhali diski yaweza kukuhudumia kimya kimya mpaka siku inapokufa na vyote vilivyomo. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wayatenganishe maswali mawili ambayo barua karibu zote zimeyachanganya. La kwanza: je, kompyuta inaiona diski? La pili: je, diski inafaa kuaminiwa? Swali la kwanza mara nyingi ni la waya na mipangilio, na diski haina kosa lolote. La pili ni la afya, na hakuna waya utakaoiponya. Mafundi wa haraka huwa wanalijibu la kwanza, wanalipwa, na wanaondoka bila kuligusa la pili.

Tuanze na diski isiyoonekana kabisa. Zima kompyuta, chomoa plagi ukutani, na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini uondoke kabla ya kugusa kilichomo ndani. Diski ya kisasa ina nyaya mbili za aina iitwayo SATA: mwembamba ni wa data, nao unakwenda kwenye madabodi, mpana ni wa umeme, nao unatoka kwenye pawasaplai. Rudisha plagi, uwashe, na uweke vidole juu ya ubavu wa diski bila kugusa kitu kingine. Diski yenye uhai hutetema kidogo na kuvuma inapoanza kuzunguka. Isipotetema, shaka ni ya umeme. Ikitetema na haionekani, shaka ya kwanza ni waya wa data au tundu lake.

Kwa shaka ya data, badilisha kitu kimoja kimoja: waya mwingine kwanza, kisha tundu jingine, ukijua kila mara ni kipi ulichobadilisha. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na vichwa vya nyaya, na waya uliokaa wazi dukani mwaka mzima hauaminiki hata ukiwa haujatumika. Jambo jingine husahaulika: katika madabodi nyingi za miaka ya karibuni, ukiwa umepachika diski nyembamba ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA huzimika. Kitabu cha madabodi hueleza ni yapi.

Kwa shaka ya umeme kuna siri moja iliyowafanya watu watupe diski nzima. Baadhi ya diski kubwa zilizotoka katika vituo vya data zimetengenezwa kwa namna hii: pini ya tatu ya plagi ya umeme ikipata volti 3.3, diski hukaa bila kuzunguka, kana kwamba imekufa. Huko zilikotoka, pini hiyo hutumika kuzizima na kuziwasha kutoka mbali. Pawasaplai nyingi za nyumbani hupeleka volti hizo bila kukoma, na diski haiamki. Dawa ni adapta inayotoka kwenye plagi ya zamani ya Molex, yenye pini nne, kwenda SATA, kwa kuwa Molex haina volti 3.3 kabisa. Lakini chagua adapta ambayo nyaya zake zimebanwa moja moja ndani ya plagi. Zile ambazo plastiki imemiminwa juu ya nyaya zina sifa mbaya ya kupata shoti na kuwaka moto, na kuokoa shilingi mia hapa si busara.

Diski nyingine ya vituo vya data ni ile ya SAS. Kwa jicho la haraka utadhani ni SATA, ila pale ambapo SATA ina pengo kati ya sehemu ya data na sehemu ya umeme, SAS imeziba. Waya wa SATA hauingii. Usiulazimishe, irudishe diski dukani, kwani kompyuta ya nyumbani haiwezi kuisoma bila kadi maalumu. Na kwa wanaotumia adapta ya USB: diski ya inchi 3.5 inataka volti 12 pamoja na volti 5, ilhali ile ndogo ya laptopu, ya inchi 2.5, hutosheka na 5. Ndiyo maana adapta isiyo na chaja yake ya pembeni huiwasha ndogo na kushindwa na kubwa.

Kompyuta ikikataa kuwaka baada ya kuongezwa diski, usiikimbilie nyundo. Huenda diski ilikuja na Windows ya mwenyewe wa kwanza, na kompyuta sasa inajaribu kuanzia huko. Ingia kwenye bayosi, ambako kwa kompyuta nyingi ni kubonyeza Del au F2 mara tu inapowaka, na uirudishe diski yako ya awali mbele ya foleni.

Ikiwa diski iko kwenye bayosi lakini haimo katika orodha ya Windows, fungua programu ya Disk Management. Hapa pana mtego. Windows ikikutana na diski isiyoielewa huleta dirisha lenye neno "Initialize" na kitufe cha kukubali, na mkono wa kijana hubonyeza kabla jicho halijasoma. Ikiwa diski ni tupu, kubali, na uchague GPT badala ya MBR kama inazidi terabaiti 2, kwa kuwa MBR haivuki mpaka huo. Ikiwa ndani yake mna kitu ambacho mtu bado anakihitaji, funga dirisha na utafute sababu kwanza. Pengine diski ilitoka katika Mac au Linux, nayo Windows haisomi mpangilio wake. Pengine haijapewa herufi tu, jambo linalotengenezwa kwa kubofya mara mbili tatu bila kupoteza kitu. Pengine imefungwa kwa BitLocker, na inataka ufunguo wa tarakimu 48 ambao huna, na muuzaji hana. Ya namna hiyo ifutwe yote, ianze upya.

Na wale walioandika kwamba wamepunjwa kwa sababu diski ya terabaiti 1 inaonyesha 931, hawakupunjwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu kwa baiti 1,073,741,824. Ya gigabaiti 500 itaonyesha 465. Udanganyifu wa kweli uko katika vile visanduku vyepesi vya plastiki vilivyoandikwa terabaiti 16 na kuuzwa kwa bei ya flashi. Mara nyingi ndani yake mna flashi ndogo iliyofundishwa kusema uongo: inapokea mafaili yote, na ikishajaa huyaandika mapya juu ya ya zamani. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza yote na kuisoma tena, na uongo hutoka.

Sasa swali la pili, ambalo kwetu ndilo kubwa.

Kila diski hujiwekea daftari la maisha yake, liitwalo S.M.A.R.T. Katika Windows husomwa kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Katika Linux kwa smartctl. Mwombe muuzaji alifungue mbele yako kabla fedha haijatoka mfukoni, na akikataa umeshapata jibu lako. Usiridhike na neno "Good" lililoandikwa kwenye rangi ya buluu. Soma nambari.

Nambari 9 ni saa ambazo diski imewashwa. Mwaka una saa 8,760. Diski ya ofisi inayowashwa saa 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, hupata takriban saa 2,000 kwa mwaka. Ya kituo cha data, isiyozimwa, hupata zote. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu ya kuzunguka mfululizo. Angalia pia kwamba CrystalDiskInfo, mpaka uibadilishe kwenye menyu, huandika hesabu hizi kwa msingi wa 16: ukiona 9C40 usidhani ni namba ya kiwanda, hiyo ndiyo 40,000 yenyewe. Msomaji mmoja alifurahi kwamba diski yake ina "saa elfu saba na kitu". Alipoihesabu vizuri, ilikuwa karibu 30,000.

Hata hivyo, saa peke yake hazitutishi. Zinazotutisha ni nambari 5, 197 na 198. Ya 5 huhesabu sekta zilizoharibika na diski ikazihamishia kwenye akiba yake. 197 ni sekta zilizoshukiwa na bado zinasubiri hukumu. 198 ni zile zilizoshindwa kusomeka diski ilipojikagua. Tunazitaka zote tatu ziwe sifuri. Nambari 199 ni kisa kingine: huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi, na kwa kawaida mkosaji ni waya. Badilisha waya. Hesabu haitarudi nyuma, lakini ikikoma kupanda, tatizo limekwisha.

Muuzaji atakwambia, "Ni sekta mbili tu, ami, itakaa miaka." Mwaka 2007, watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha waliyoyaona katika diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Diski iliyopata kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulio mara 39 ya diski isiyo na kosa. Lakini watafiti haohao walisema na jambo la pili, ambalo halinukuliwi sana: zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na alama hata moja katika zile dalili nne nzito walizozichunguza. Maana yake, daftari chafu ni ushahidi wa ugonjwa, lakini daftari safi halithibitishi uzima.

Tena daftari huweza kufutwa. Mapema mwaka 2025, chombo cha habari cha Ujerumani, heise, kiliripoti diski za Seagate zilizouzwa madukani kama mpya, kumbe zilikuwa zimekwisha kufanya kazi maelfu ya saa na hesabu ya S.M.A.R.T. ikarudishwa sifuri. Zilifichuliwa na daftari la pili ambalo Seagate huliweka ndani ya diski zake, liitwalo FARM, ambalo walaghai hawakulifuta. Kampuni ilisema si yenye kuziuza kwa namna hiyo. Matoleo mapya ya smartctl hulisoma daftari hilo. Ikiwa hayo yametokea katika soko lenye risiti na dhamana, basi diski yenye "saa tatu" katika kibanda cha mtaani na iangaliwe kwa macho mawili: tazama tarehe ya kutengenezwa kwenye lebo, alama za skrubu kwenye matundu yake, na mikwaruzo kwenye kichwa cha plagi.

Ukishainunua na kuifikisha nyumbani, usiweke kitu juu yake siku ya kwanza. Ifomati yote kwa ukamilifu, si kwa njia ya mkato. Ondoa alama ya "Quick Format". Windows itaandika sifuri juu ya uso wote, kazi ya saa tatu au zaidi kwa terabaiti 1 na ya usiku mzima kwa diski kubwa. Stima ikikatika katikati, anza tena. Ikimaliza, fungua daftari na ulinganishe na nambari ulizoziandika dukani. Ikiwa 5, 197 au 198 imepanda hata kwa moja, irudishe pakiwa na nafasi ya kuirudisha.

Hapa tunaiweka barua ya mama mmoja wa Kisauni, kwa ruhusa yake. Mwanawe alinunua diski ya mtumba, akahamishia humo picha na sauti za marehemu baba yao kutoka simu mbili, kisha akazifuta kwenye simu ili zipate nafasi. Baada ya majuma matatu diski ikaanza kugonga, na folda moja kuchukua dakika kadhaa kufunguka. Jirani akawashauri waendeshe chkdsk usiku kucha. Mama akauliza: waendeshe?

Tulimjibu kwa simu siku ileile, kwa sababu swali hili halingoji Ijumaa. La, mama yetu. Izimeni sasa, na msiiwashe tena kwa ajili ya kujaribu tu. Chkdsk yenye amri ya kutengeneza huilazimisha diski kusoma kila sekta, na hubadilisha yaliyoandikwa. Kwa diski nzima iliyovurugika mafaili ni dawa. Kwa diski inayokufa ni kumkimbiza mgonjwa wa moyo. Kugonga maana yake huenda kichwa cha kusomea kinashindwa kupata mahali pake, na kila dakika ya kuzunguka huweza kukwaruza sahani zenye zile picha. Wala isifunguliwe mezani, kwani chembe moja ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya kichwa na sahani. Wala isitiwe kwenye friza, kama wengine wanavyosimuliana. Katika unyevu wetu itatoka imelowa ndani na nje.

Kisha tukamwomba afungue simu zote mbili wakati huohuo tukizungumza. Picha zilizofutwa kwenye iPhone hukaa siku 30 katika sehemu ya zilizofutwa karibuni. Katika Google Photos, zilizokuwa zimehifadhiwa mtandaoni hukaa siku 60 kwenye pipa la taka, na zisizohifadhiwa siku 30. Majuma matatu ni siku 21. Picha nyingi zilikuwamo. Sauti hazikuwamo, na hizo sasa wanawaomba shangazi na binamu waliotumiwa kwa WhatsApp wazitafute katika mazungumzo ya zamani. Diski yenyewe imepelekwa kwa mtaalamu wa kuokoa data, naye ameambiwa ataje gharama kabla ya kuifungua. Hatujui bado itakuwaje.

Diski ambayo haigongi bali imekuwa nzito, au ambayo 197 yake inapanda, ina njia nyingine. Washa kompyuta kwa Linux kutoka kwenye flashi, na utumie ddrescue kuinakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenda diski nzima iliyo kubwa zaidi. Ubora wake ni kwamba huchukua kwanza yale mepesi, huyaruka yanayogoma, na kuyarudia mwishoni. Tena huandika kumbukumbu ya ilipofikia, hata stima ikipotea ukaendelea pale pale. Ukishapata nakala, uganga wote ufanyike kwenye nakala. Diski ya asili iwekwe kando.

Kwa maoni yetu, basi, diski ya mtumba iliyopita majaribio yote inafaa kuwa nakala ya pili, au kuweka filamu na vitu ambavyo vikipotea mtu atavipakua tena. Isiwe mahali pekee pa picha za wazazi, hata kama daftari lake ni jeupe.

Limebaki la mwenyewe wa kwanza. Mwaka 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wakiwa wanafunzi wa MIT huko Marekani, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 za mtumba. Kati ya 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua, habari za maradhi, na maelfu ya nambari za kadi za benki. Diski moja ilitoka katika mashine ya kutolea fedha. Ukizikuta picha za familia ya watu ndani ya diski uliyonunua, ulichonunua ni chuma, si sitara ya watu. Usizipekue wala usimwonyeshe mtu; ifomati yote kama tulivyoeleza, na hapo utakuwa umefanya kazi mbili kwa pamoja.

Na unapouza ya kwako, kumbuka kwamba fomati ya mkato hufuta orodha tu, na mafaili hubaki pale pale yakimngoja mwenye programu ya kuyafukua. Katika diskpart ya Windows, amri ya "clean all" huandika sifuri juu ya diski yote. Haina msamaha, kwa hiyo chomoa kwanza kila diski ya data usiyokusudia kuifuta, na uhakikishe kwa ukubwa wake kwamba umechagua ile unayoiuza. Kwa SSD, tumia programu ya kiwanda chake ya kufuta kwa usalama, kwa sababu SSD huwa na akiba ambayo fomati haiifikii. Diski iliyokufa haiwezi kufutwa, basi isiuzwe. Mpe fundi atoboe sahani kwa keekee. Ile ya laptopu mara nyingi sahani zake ni kioo, nazo hupasuka vipande vipande, kwa hiyo avae miwani na watoto wasogezwe mbali.